Dalili na Ushahidi: Fuvu la Kalenga na Sanaa ya Wapelelezi

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo watu wengi, na sisi walimu hatukosi kuwamo, huyachanganya: dalili na ushahidi. Dalili ni kitu. Ushahidi ni neno la mtu. Shahidi, kwa asili yake ya Kiarabu, ni yeye aliyehudhuria akaona kwa macho yake, na kwa hiyo aweza kusimama mbele ya wazee akasema, "Nalikuwapo." Dalili haisemi neno. Huonyesha njia tu, kama wingu lionyeshavyo mvua. Nasi tukaao Mbeya twajua ya kuwa wingu laweza kutanda juu ya milima ya Uporoto kutwa nzima, na jioni vumbi likawa lile lile barabarani.

Nimeanza na maneno haya kwa sababu imezuka katika siku zetu namna ya sanaa ambayo kazi yake yote ni kuchukua dalili na kuzisemesha. Mafundi wake hawachongi sanamu wala hawapaki rangi kwa ajili ya uzuri. Hupima vyumba, hulinganisha picha, husikiliza mlio wa bunduki, huchambua nyaraka za serikali. Kisha matokeo ya kazi hiyo huwekwa katika nyumba ya maonyesho, mahali watu walipozoea kuona picha za maua na nyuso za wafalme. Wengine huuliza kama hiyo ni sanaa. Swali hilo halinisumbui sana. Linalonisumbua ni jingine: kazi ya namna hii ipimwe kwa kipimo gani? Maana picha ya ua ikiwa mbaya haimdhuru mtu, bali mpelelezi akikosea, aliyekufa hudhulumiwa mara ya pili. Katika nchi hizi za Mbeya na Iringa tunayo sababu yetu wenyewe ya kuuliza hivyo, nayo imewekwa ndani ya kioo pale Kalenga. Walakini kabla ya kufika Kalenga yafaa tuwaone kwanza mafundi wa mbali, ili tujue wanadai nini.

Wajulikanao zaidi ni kundi la Forensic Architecture, lililoanzishwa mwaka 2010 na Eyal Weizman katika chuo cha Goldsmiths, London. Ndani yake wamo wasanifu wa majengo, watengenezaji wa filamu, wanasheria na waandishi wa habari. Mwaka 2018 walikuwa miongoni mwa wanne walioshindania Tuzo ya Turner, iliyo na sifa kubwa katika sanaa ya Uingereza. Kazi yao moja yatosha kuwa mfano. Tarehe 6 Aprili 2006 kijana Halit Yozgat, mwenye umri wa miaka 21, aliuawa kwa bastola katika duka la intaneti la jamaa zake huko Kassel, Ujerumani. Mtumishi mmoja wa idara ya usalama wa serikali alikuwamo dukani karibu na saa ile ile, naye akasema hakusikia mlio, hakunusa baruti, wala hakuiona maiti nyuma ya meza alipokuwa akitoka. Miaka 11 baadaye kundi hili lilijenga upya duka lile mjini Berlin kwa vipimo vyake kamili, wakajaribu sauti, harufu na upeo wa macho wa mtu mrefu kama yule. Matokeo yao yalikuwa kwamba maneno ya mtumishi yule ni shida kuyasadiki. Mwaka 2017 wakayaonyesha katika Kassel yenyewe, katika maonyesho makuu ya documenta, na jina la kazi likawa ukubwa wa duka na urefu wa muda uliopimwa: mita 77 za mraba, dakika 9 na sekunde 26.

Nilivutwa na jambo moja katika kazi hiyo, nalo ni kwamba mtazamaji haambiwi tu, "Tumegundua." Huonyeshwa kila hatua: hapa tulisimama, hapa tulipima, hapa hatuna hakika. Jina lao nalo lafundisha. Neno la Kilatini *forensis* latoka katika *forum*, yaani uwanja wa mji walipokutana watu kusema mashauri yao. Kwa lugha yetu ni baraza, na forensis ni "ya barazani". Basi upelelezi huu una sehemu mbili, kujua na kuleta barazani. Na sehemu ya pili ndiyo inayohitaji sanaa, kwa kuwa kitu kisicho na ulimi lazima kipewe msemaji.

Mwaka 2012 Weizman na mwenziwe Thomas Keenan walitoa kitabu kidogo juu ya fuvu la Josef Mengele, daktari wa kambi ya Auschwitz, lililofukuliwa Brazil mwaka 1985. Mtaalamu wa Kijerumani, Richard Helmer, aliweka picha ya fuvu lile juu ya picha za Mengele alipokuwa hai, akazisogeza mpaka sura mbili zikawa sura moja. Na mwaka 1992 kipimo cha vinasaba kikathibitisha. Waandishi wale husema kwamba tangu siku zile mahakama za ulimwengu zimeanza kuigeukia mifupa, pale zilipokuwa zikimtegemea shahidi aliye hai. Huenda ni kweli kwa Brazil. Lakini picha ya Helmer yatisha kwa jinsi inavyoridhisha: uso ukitokea katika mfupa, nani atabaki na shaka? Hiyo ndiyo nguvu ya sanaa, na ndiyo hatari yake. Bahati yao ni kwamba kipimo cha 1992 kilikuja nyuma yake.

Sasa na tuje Kalenga.

Habari yenyewe wasomaji wengi wanaijua, nami nitaipitia upesi. Mtwa Mkwavinyika, tumwitaye Mkwawa, alilishinda jeshi la Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Ngome yake ya Kalenga ilianguka mwishoni mwa Oktoba 1894. Akaishi msituni karibu miaka minne, na juu ya kichwa chake Wajerumani waliweka rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, askari walipomkaribia pale Mlambalasi, alijiua kwa risasi. Sajini Merkl akaamuru kichwa kikatwe, kikapelekwa kwa Kapteni von Prince katika boma la Iringa. Msomaji azingatie neno hili, maana ndilo mwanzo wa yote yafuatayo: kiwiliwili kiliachwa, kichwa kikachukuliwa, kwa kuwa kichwa ndicho kingeweza kutambulikana. Tangu siku ile kilikuwa dalili mikononi mwa watu. Hakikuwa tena sehemu ya maiti ya mzee wa watu.

Baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza walilitia jambo hilo katika mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani irudishe fuvu la Sultani Mkwawa katika muda wa miezi sita. Wajerumani wakasema hawalijui liliko. Likakaa hivyo miaka zaidi ya 30, hata Gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining, alipofuatilia mwenyewe, akaenda makumbusho ya Bremen mwaka 1953. Huko palikuwa na mafuvu kama 2,000, na katika hayo 84 yalitoka katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Twining alikuwa na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa walio hai. Akateua mafuvu yaliyokaribiana na vipimo hivyo. Na katika hayo akatwaa moja, kwa sababu ndilo peke yake lililokuwa na tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 likakabidhiwa pale Kalenga kwa mjukuu wa Mkwawa, Mtwa Adam Sapi, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge baada ya uhuru.

Tuuchambue upelelezi huo kama tungeuchambua ule wa Kassel. Kwanza, hesabu ya 84 yaonyesha yaliyokuwako Bremen, haionyeshi kwamba kichwa kilichotafutwa kilifika Bremen. Pili, kipimo chenyewe ni upana wa fuvu ukigawanywa kwa urefu wake na kuzidishwa kwa 100. Hesabu hiyo haimtaji mtu. Yasema tu kwamba kichwa hiki chafanana umbo na vichwa vile, na maelfu ya watu wasio wa ukoo mmoja hupata hesabu moja. Tatu, tundu la risasi lasema mtu huyu alipigwa risasi, na katika nchi iliyopigwa vita namna ile waliopigwa risasi walikuwa wengi mno. Hizi ni dalili tatu, na ya pili ni dhaifu. Zikiwekwa pamoja zaongeza uzito, sikatai. Lakini hazifiki kuwa ushahidi. Wanahistoria wa nje na wa ndani wamekwisha kulitilia shaka fuvu hili, wala hawakufanya vibaya.

Liko na neno la kipimo chenyewe, nalo laihusu Mbeya kuliko watu wanavyodhani. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa jeshi la Wajerumani, Friedrich Fülleborn, alizunguka nchi ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, nchi ya Wanyakyusa na jirani zao, akipima miili ya watu na kuwapiga picha uso na ubavu, kama polisi wafanyavyo kwa wafungwa. Kitabu cha vipimo na picha hizo kilitoka Berlin mwaka 1902, na kingine kikubwa juu ya nchi na watu wa Nyasa na Ruvuma mwaka 1906. Berlin nako Felix von Luschan alikuwa akikusanya mafuvu kwa maelfu kutoka makoloni, ili yapimwe upana na urefu na watu wapangwe kwa makabila kama mende katika sanduku la mwalimu wa elimu ya wadudu. Basi ustadi ule ule uliofanya vichwa vya watu vitamaniwe ndio aliouchukua Twining mkononi alipotaka kurudisha kimoja. Chombo cha mwizi kilitumiwa kuitambua mali iliyoibwa. Sijaona onyesho lolote, kwetu wala kwao, lililolisema jambo hili kwa ukali unaostahili. Nalo kwa msanii wa siku hizi lingekuwa jambo la kufanyia kazi miaka mitatu.

Mtu ataniuliza, je, watu wa Kalenga walidanganywa mwaka 1954? Sivyo ninavyoona. Hapa ndipo tofauti ya maneno yetu mawili inapotusaidia. Mkusanyiko wa tarehe 19 Juni ulikuwa baraza. Mjukuu alipokea, wazee walihudhuria, kilio cha miaka 56 kilipata mahali pa kutulia. Kwa desturi za watu wa nyanda hizi, aliyekufa mbali, ambaye mwili wake haukupatikana, hakosi kuliliwa. Jamaa huweza kumfanyia matanga, na tendo la jamaa ndilo linalofunga mambo. Kwa maana hiyo waliohudhuria siku ile ni mashahidi kweli kweli, lakini ni mashahidi wa kupokelewa. Wa mfupa si wao. Ni kweli pia kwamba mwaka ule vita vya Mau Mau vilikuwa vikiwaka Kenya, na gavana hakukosa kuona faida ya kuwapendeza watu hodari wa vita. Sherehe yaweza kuwa ya siasa kwa anayetoa na ya msiba kwa anayepokea, saa ile ile, mahali pale pale.

Lawama yangu, basi, si juu ya wazee wa 1954, ni juu ya namna ya kuonyesha. Ninavyolisoma onyesho la Kalenga, fuvu ndilo kitovu: limekaa juu, ndani ya kioo, na kando yake silaha na vyombo vya zamani. Mgeni husimuliwa Lugalo, husimuliwa Mlambalasi, kisha huelekezwa kwenye kioo kama anayeonyeshwa jibu la hesabu pasipo njia ya kulipata. Wanafunzi wetu huingia wakiwa kimya na kutoka wakiwa kimya. Mtoto mmoja wa kidato cha pili niliyempeleka aliniuliza, "Mwalimu, walijuaje?" Hilo ndilo swali lote. Lingalipewa ukuta mmoja tu, na juu yake hesabu ya 2,000 na 84, na hicho kipimo cha upana na urefu kimeelezwa, na kile kifungu cha Versailles kimebandikwa, nadhani heshima ya Mtwa isingepungua hata chembe. Boma la Iringa, jengo la Wajerumani wenyewe lililofanywa makumbusho mwaka 2016, lina nafasi na walezi wa kazi kama hiyo. Na safari ya kutoka huko mpaka Kalenga ni fupi.

Wako watakaosema kwamba mwisho wa shaka ni kipimo cha vinasaba. Twining hakuwa nacho. Mwaka ule ule wa 1953 ndipo wataalamu wa Cambridge walipotangaza umbo la chembe hizo kwa mara ya kwanza. Siku hizi kipo, na tumeona kazi yake. Makumbusho ya Berlin yaliyopokea mkusanyo wa Luschan yalichunguza mafuvu 1,135 ya iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani; yakaona 904 yalitoka nchi ambayo sasa ni Rwanda, 202 Tanzania, na 22 Kenya. Mnamo Septemba 2023 wakatangaza kwamba vinasaba vya mafuvu matatu kutoka Uchaggani vimelinganishwa na vya watu walio hai Tanzania: moja lilipatana kabisa, na mawili karibu kabisa. Ni jambo kubwa, wala sitaki kulipunguza. Walakini angalieni namna lilivyowezekana. Mfupa haukujitaja. Palitakiwa jamaa zilizokumbuka kwamba baba wa babu alinyongwa, zilizotunza jina lake, zilizokubali kutoa mate yao kwa kipimo. Pasipo neno la wazee, mashine ya Berlin ingalikuwa na nusu tu ya mizani. Hapo ndipo siafikiani na wale wa London wasemao kwamba zamani za shahidi zimepita na zamani za vitu zimefika. Kwa watu ambao hawakuwa na kamera wala karani, vitu vyao vilichukuliwa, na kilichobaki ni masimulizi.

Ndiyo maana filamu *Das leere Grab*, yaani kaburi lililo tupu, imenigusa kuliko kazi za Kassel, ingawa ustadi wake wa kupima ni mdogo. Ilitengenezwa na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani na Cece Mlay wa Tanzania, ikaonyeshwa kwanza katika tamasha la filamu la Berlin, Februari 2024. Yafuata jamaa mbili. Moja ni ya akina Kaaya wa Meru. Nyingine ni ya Songea, jirani zetu wa kusini: John Mbano, mwanasheria kijana, na mkewe Cesilia Mollel, wanaotafuta kichwa cha babu wa ukoo, Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906 wakati wa vita vya Maji Maji. Upelelezi wao hauna maabara. Ni barua, ni ofisi, ni safari ya ndege mpaka Berlin, ni kungoja. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha. Hata filamu ilipotoka, kichwa kilikuwa hakijapatikana.

Filamu hii ina kasoro, nami nitazitaja. Yaegemea machozi zaidi ya hoja. Mtu anayetaka kujua orodha za makumbusho husomwaje, na kwa nini fuvu moja huwa na jina na jingine nambari tu, atatoka hajashiba. Kuziunganisha jamaa mbili kumewapunguzia akina Kaaya nafasi; ningalipenda kukaa nao zaidi. Lakini ina uaminifu ambao Kalenga haina: inakubali kumaliza pasipo fuvu. Gavana wa 1953 alihitaji kurudi na kitu mkononi, akarudi nacho. Akina Mbano wangaliweza kuchoka na kupokea kichwa chochote chenye alama ya kufaa. Badala yake wanasimama mbele ya kaburi wakisema halijajaa. Hiyo ndiyo adabu ya dalili. Na mke na mume wale, wakisimulia habari za mzee wao kwa maneno waliyopokea nyumbani, ni mashahidi kwa maana ya asili: wamehudhuria kukosekana kwake maisha yao yote.

Kuna mahali pa tatu ambapo sanaa hii haijafika, napo ni Mlambalasi, mwendo wa kilomita 50 hivi kutoka Iringa. Pale ndipo kaburi la Mtwa lilipo, na kando yake pango la miamba ambamo wataalamu wa mambo ya kale wakiongozwa na Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichimba wakakuta maziko ya watu wa zama za mawe, wa maelfu ya miaka kabla ya Wahehe kuitwa Wahehe. Kiwiliwili kiko Mlambalasi, na fuvu, la nani sitasema, liko Kalenga ndani ya kioo. Kati yao ni barabara ya vumbi ambayo wageni wengi hawaimalizi.

Kama filamu ya akina Mbano itapata mtu wa kuileta huku juu, ningeomba isiishie katika kumbi za mjini Iringa na Mbeya. Iwekwe turubai pale Kalenga jioni moja, nje ya nyumba ya fuvu, wazee wa ukoo wakae mbele, na wanafunzi wa shule zetu nyuma yao. Na ikiisha, taa zisizimwe, ili yule mtoto wa kidato cha pili, au mwenziwe, aulize tena swali lake mbele ya wote.